Sumaku Haishiki Risasi

6 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Na Shangazi mpe shikamoo yake, umpigie kelele sikioni, maana mimi na yeye sasa tuko chama kimoja cha viziwi. Hapa hatujambo. Wifi yako ana magauni ya maharusi wawili mezani na rundo la sare za shule, cherehani haipoi. Mlio wake sisikii, ila mtetemo wake naupata kwenye nyayo nikiwa nimekaa.

Mimi ndiyo hivyo, mtu wa nyumbani. Huu mwezi wa tano tangu kiwanda cha chapa kinipe mkono wa kwaheri. Miaka thelathini na moja kando ya mtambo, nimeondoka na masikio mabovu na zawadi ya saa ya ukutani inayogonga kila saa. Wenzangu walidhani wananifurahisha. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Simu naisikia kama mvua juu ya bati.

Sasa nina jambo. Kuna mzee tunamwita Mwalimu, alikuwa akifundisha michezo shuleni. Ana uwanja wa shabaha nyuma ya ghala la mbao. Jumamosi asubuhi wanakutana watu wanne watano kupiga karatasi kwa bunduki za upepo. Hazina baruti. Unakunja mtutu kubana springi, unatia kidonge cha risasi kidogo kama punje ya dengu, unapiga. Wanasema mlio wake ni wa mtu anayefunga kitabu kwa hasira. Nilijaribu. Dada, tangu nistaafu mikono hii ilikuwa ikitafuta kazi mpaka inatetemeka, na siku ile ilitulia. Unavuta pumzi, unaitoa nusu, unabana kifyatulio polepole. Huna nafasi ya kuwaza jingine.

Nafikiria kununua yangu. Sijanunua, nauliza tu. Wewe ni mtu wa hospitali, tena wa macho. Kwa mtu anayetaka kujiburudisha, inafaa?

Mdogo wako,
Chapa

*Wifi, mkubalie tu. Kutwa nzima yuko juu ya vitambaa vyangu akiniuliza hiki cha nini, kile cha nini. Nakubusu. Mimi wifi yako.*

27 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba, na Shangazi ameitikia yake kwa sauti iliyowatoa majirani ndani. Hatujambo. Shemeji yako mgongo unamsumbua, lakini mdomo mzima. Nimemsomea Shangazi barua yako yote. Amesema nikwambie hivi: akinunua bunduki, anunue na akili, zinauzwa maduka tofauti.

Umeniuliza, nakujibu. Unajua kazi yangu: watu wanakuja kwangu na tundu, wanaondoka na jicho la bandia. Wiki jana nimemaliza la fundi bomba mmoja. Mboni yake ilikuwa ya kahawia yenye madoa kama ya chai, imenichukua siku mbili kuipata rangi. Rafiki yake alikuwa akipiga makopo uani kwa bunduki kama hiyo unayoitamani. Huyo ni wa tatu tangu mwaka jana, na wote wananiambia sentensi ile ile: tulidhani ni ya kuchezea.

Sikatai utamu wake. Haina makelele, haihitaji shamba zima, inamfundisha mtu kutulia. Kwa mtu kama Mwalimu, mwenye uwanja na utaratibu, naamini inafaa, na pengine inamfaa kuliko karata na uvivu. Lakini kitu kinachotoboa ubao si cha kuweka nyumbani karibu na kamba ya nguo. Ushauri wangu: nenda uwanjani Jumamosi, piga ya kuazima, irudishe, rudi nyumbani mikono mitupu.

Mwambie wifi maharusi wasimmalize.

Dada yako

18 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Sisi wazima. Bibi harusi wa kwanza ameolewa na gauni halikupasuka, wifi yako ana furaha.

Usinikasirikie. Nilipokuandikia kuwa sijanunua, ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa kwenye shuka. Nilikuwa nataka uniambie inafaa ili niitoe mvunguni kwa heshima. Sasa nimeitoa bila heshima.

Lakini nisikilize. Kila siku mtu hawezi kungoja Jumamosi. Uani kuna ukuta mrefu wa matofali, mbele yake nimeweka sanduku la mchanga alilonipimia Mwalimu mwenyewe, karatasi inabandikwa mbele ya mchanga. Nyuma yangu ni mlango wa jikoni. Napiga kuelekea ukutani tu. Wifi yako naye amepiga. Dada, usimwone mpole! Mara ya kwanza kushika bunduki maishani, vidonge vitano, vinne ndani ya duara jeusi. Akanirudishia akasema, "Ni kama kutunga uzi tu," akaenda zake kupika. Ana jicho yule mwanamke.

Kuna jambo jingine nataka ujue, kwa sababu najua huwezi kulicheka. Karatasi inatoboka kimya. Sijui nimepata wapi mpaka niende kuangalia. Nikaokota kiwandani bamba la chuma la mtambo wa zamani, nikalitundika juu ya sanduku. Nikilipata linalia *ting*, na hiyo *ting* naisikia! Kengele ya mlango sisikii, wajukuu wa jirani sisikii wakipiga mayowe, lakini bamba lile nalisikia safi kama zamani.

Chapa

*Wifi, kweli anacheka peke yake uani siku hizi. Sikuwahi kujua bati bovu litanirudishia mume.*

8 Machi

Mdogo wangu,

Sisi salama. Shangazi amepoteza meno yake ya bandia kwa siku tatu, tumeyakuta kwenye mfuko wa koti la shemeji yako, na hakuna aliyekubali kosa.

Umenidanganya, tena kwa maandishi. Hilo tutalizungumza tukionana. Leo nina moja tu: toa bamba. Leo, kabla hujamaliza kusoma. Mchanga unakimeza kidonge. Chuma kinakirudisha, na hakichagui kinamrudishia nani. Muulize Mwalimu kama nakudanganya.

Nimekuelewa kuhusu mlio. Lakini tafuta mlio mwingine.

Pamoja na barua hii nimempa dereva wa basi kifurushi. Ndani kuna miwani mbili za kazi, zile ngumu zinazofunika mpaka pembeni. Moja yako, moja ya wifi. Yeyote anayekanyaga uani wakati bunduki iko mkononi, avae. Anayepiga na asiyepiga.

Dada yako

30 Mei

Dada,

Shikamoo kwako na kwa Shangazi. Samahani kwa kuchelewa kujibu, mambo yamekuwa mengi. Miwani ilifika, asante. Mvua zimekatika. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, nimeziba mwenyewe kwa lami. Bibi harusi wa pili naye ameolewa, gauni alimalizia mshonaji mwingine.

Kuna jirani ameniomba nikuulize kuhusu kazi yako. Jicho moja linachukua siku ngapi kutengeneza? Na je, ni lazima mtu aje mwenyewe, au ukipata picha nzuri unaweza kuchora rangi kwa kuangalia picha? Na baada ya kuondolewa jicho mtu anatakiwa angoje muda gani?

Hakuna haraka. Ni jirani tu.

Chapa

9 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zitangoja.

Jirani gani? Wa kulia au wa kushoto? Mwanamume au mwanamke? Gauni la harusi kwa nini limemaliziwa na mshonaji mwingine, wakati wifi alikuwa nalo mezani tangu Januari? Na mstari wake uko wapi? Tangu uanze kuniandikia hujawahi kuniletea barua isiyo na mkono wa wifi chini yake.

Nimemsomea Shangazi. Safari hii hakutania. Amesema, "Mwambie mtoto yule aseme."

Sema. Nisipopata jibu mwezi huu nitapanda basi nije niulize mlangoni.

Dada yako

24 Juni

Dada,

Nakuandikia mchana, yeye amelala. Nitasema yote kama yalivyokuwa, na nisipoyasema leo sitayasema tena.

Bamba nililitoa barua yako ilipofika. Naapa. Nililisimamisha nyuma ya pipa la maji, likakaa huko zaidi ya mwezi. Nikarudi kwenye karatasi. Kila siku nikipita karibu na pipa naliona. Jumapili ya katikati ya Aprili, kama saa nne asubuhi, nikasema mara tatu tu, nisikie, nilirudishe. Nikalitundika. Nikavaa miwani uliyoniletea, dada. Hilo ndilo linalonitafuna. Mimi nilikuwa nimevaa. Ya kwake ilikuwa bado imo ndani ya karatasi uliyoifungia.

Mara ya kwanza nikalipata. Ya pili nikalipata. Wingu lilikuwa limeanza kujaa, na yeye akatoka jikoni kuanua nguo. Ananiambia aliniita mara mbili, "Baba, subiri nianue!" Sikusikia. Alikuwa nyuma yangu mkono wa kulia, hatua kama sita. Nikapiga ya tatu. *Ting*. Nikageuka nikicheka nimwonyeshe vidole vitatu.

Alikuwa amesimama na foronya mkono mmoja, mkono wa pili umefunika uso. Nilisoma midomo yake. Alisema, "Kuna kitu kimenigusa." Hivyo tu, kama mtu aliyeguswa na nzi. Damu ilikuwa kidogo sana. Ndiyo maana tulidhani ni kidogo.

Njiani kwenda zahanati aliibana foronya ile ile usoni. Mimi nilikuwa na maneno mengi lakini yote yalikuwa ya kumwomba msamaha, hakuna hata moja lililokuwa na faida. Tabibu akauliza imekuwaje. Kabla sijafungua mdomo, yeye akasema, "Sindano ya cherehani imevunjika ikaniruka." Akaniangalia kwa jicho la pili. Nilielewa. Bunduki sikuwa nimeiandikisha popote, na alikuwa anaogopa polisi watanichukua.

Dada, safari hii nilisikia. Kila neno. Nilikuwa karibu kiasi hicho. Na nikatikisa kichwa, ndiyo, sindano.

Tabibu akasema sindano ni chuma, basi tutaitafuta kwa sumaku. Akaleta sumaku ndogo, akaipitisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna kilichotoka. Akafurahi. Akasema basi kipande kilipiga kikaanguka, ndani hamna kitu. Akampa dawa ya matone, akamfunga, akatuambia turudi baada ya wiki. Nimefanya kazi na herufi za kupigia chapa, za madini ya risasi, tangu ujana wangu, zilipokuwa bado zinatumika. Najua sumaku haishiki risasi. Nilikuwa nimesimama pale nalijua hilo, nikitazama ile sumaku ikipita, na nikamshukuru tabibu na kubeba dawa.

Siku ya sita jicho likavimba na kutoa usaha. Hospitali kubwa wakapiga eksirei. Daktari akainua picha dirishani, kipande cheupe kimepondeka kama kitufe kidogo. Akasema, "Hii si sindano." Akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akaacha kuuliza. Jicho walilitoa tarehe ishirini na tisa Aprili. La kulia.

Mtaani bado ni sindano. Wateja walikuja kutoa pole, wakachukua vitambaa vyao. Mmoja nilisoma midomo yake akiwa mlangoni: mshonaji anayejitoboa jicho mwenyewe, gauni langu atalifanyaje? Mke wangu aliyasikia, mimi niliyaona, na sote wawili tulinyamaza. Anakaa mbele ya cherehani, mikono mapajani. Hanigombezi. Ananiuliza nitakula nini.

Hakuna jirani, dada.

Mdogo wako

5 Julai

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Tatu za kwanza nimezichana, na ni heri yako.

Shangazi nimemwambia. Aliomba nimpeleke akalale, na ulikuwa mchana.

Sasa nisikilize, maana nazungumza kama dada na kama mtu wa kazi hii. Kwa picha sichori. Rangi ya jicho haikai kwenye picha; inabadilika mtu akiona aibu, akicheka, akikaa dirishani. Mlete, au mpandishe basi nitampokea. Tundu likishapona vizuri, na sasa wiki zinatosha, nitachukua umbo lake kwa nta, nitasaga, nitachora mboni nikiwa nimekaa uso kwa uso na lile jicho zima. Mishipa nitaiweka kwa nyuzi za hariri nyekundu moja moja. Litakuwa zuri. Halitaona.

Kabla hajapanda basi, kuna kazi yako. Umeacha mtaa mzima uamini kwamba mke wako amejitia upofu kwa uzembe wa kazi yake. Kazi hiyo ndiyo jina lake. Jicho umemnyang'anya kwa bahati mbaya. Jina unamnyang'anya kila siku, na hiyo si bahati mbaya. Nenda ukaseme. Kwa kila mteja aliyechukua kitambaa. Kwa Mwalimu na wenzake. Na zahanati, tabibu yule ajue alichokitafuta kwa sumaku kilikuwa nini, asije akamfanyia mwingine.

Kuna swali hujaniuliza, na nakushukuru.

Dada yako

11 Agosti

Dada,

Shikamoo. Atakuwa ameshafika kwako unaposoma hii. Alikataa nimsindikize. Nilimfungia sanduku, akalifungua, akalipanga upya.

Nilianza na Mwalimu. Nilikwenda Jumamosi asubuhi na bunduki nimeibeba kwenye shuka lile lile. Walikuwa wanne kwenye mstari, wote wamevaa miwani, mtu hasogei mbele mpaka mikono yote imeinuliwa. Nimepiga pale wiki ngapi, na sikuwahi kuuona ule utaratibu mpaka siku ile. Nikawaambia. Ilibidi niseme mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilisema kwa sauti ndogo, na mimi kiziwi sijui sauti yangu. Mmoja akaanza kuniambia ni bahati mbaya tu, ndugu, hizi ni bunduki za kupiga ndege. Mwalimu akamkatiza. Akaniandikia kwenye ubao wa matokeo, kwa chaki, herufi kubwa nisiseme sikumwelewa: NILIKUPA SANDUKU LA MCHANGA. Akaufuta, akaichukua bunduki, akaitoa springi mbele yangu. Hakunipa mkono.

Yule mzee amepiga shabaha miaka thelathini na wote wanaorudi nyumbani kutoka kwake wana macho mawili. Uliponijibu Januari ulisema inamfaa yeye. Ni kweli. Ingenifaa na mimi kama ningeiacha kwake. Nilitaka raha yake bila taratibu zake, na nilitaka niipate mlangoni kwangu.

Wateja ni kumi na saba. Nilikwenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba, siku nne. Nilijifunza kusema kwa kifupi: si sindano, ni mimi, kwa bunduki ya upepo, na yeye alinificha. Wengine walinikaribisha kiti. Yule aliyesema maneno mlangoni alilia, kisha akaniambia nisirudi kwake tena. Mwanamume mmoja alicheka. Hakuamini kwamba kitoto cha bunduki kinaweza kutoa jicho, ikabidi nimweleze mpaka akaacha kucheka. Tabibu aliniita ndani, akafunga mlango, akaniuliza swali moja tu: "Ulijua siku ile?" Nikasema nilijua. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Aliniambia naweza kwenda.

Mke wangu aliyapata yote kwa majirani kabla sijarudi siku ya kwanza. Nilitegemea atasema chochote. Aliniwekea chakula, akakaa upande wa pili wa meza, akanitazama muda mrefu kwa lile jicho moja. Kesho yake akaniambia nimtafutie basi.

Dada, umenishukuru kwa kutokuuliza. Nimeshindwa kuvumilia. Kama ningesema risasi siku ile, lingepona?

Chapa

19 Septemba

Mdogo wangu,

Hatujambo. Wifi hajambo. Yeye na Shangazi wamekuwa marafiki, wanakaa barazani wanasengenya watu wote wa mtaa, na Shangazi anajidai kwamba kati yao yeye ndiye mwenye macho.

Jicho limekamilika. Tulikaa dirishani siku tatu, mimi na brashi, yeye ameweka kidevu mkononi. Mboni yake ina mzingo wa kijivu kwa nje ambao sikuwahi kuuona miaka yote hii ya kuitana wifi. Nilipomwekea akajitazama kwenye kioo, akageuza kichwa huku na huku. Akasema, "Limetulia." Kisha akaniuliza swali lile lile ulilonitumia. Barua yako ilikuwa mfukoni mwa koti langu, hajaisoma. Basi nawajibu wote wawili kwa jibu moja, nililompa yeye.

Kama siku ile wangejua ni risasi, wangempeleka kwa mpasuaji siku hiyo hiyo. Nimeona macho ya namna hiyo yaliyookolewa, yakabaki na ukungu kidogo. Nimeona na yaliyokufa licha ya hayo. Hakuna anayejua lake lingekuwa la wapi. Alikuwa na nafasi, na siku sita zikaila. Zaidi ya hapo nikisema nitakuwa nawadanganya.

Nikamwambia, nikiwa dada yako bado, kwamba yeye ndiye aliyesema sindano kwanza. Hakukasirika. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mimi nilisema uongo kwa kumwogopea yeye. Yeye alinyamaza kwa kujiogopea yeye. Si kitu kimoja, wifi."

Wewe una la kumjibu?

Nikamwambia umezunguka nyumba kumi na saba. Akasema anajua, na kwamba ulifanya vizuri, na kwamba kwa ajili hiyo anaweza kukutaja bila uchungu. Lakini kurudi harudi. Hospitali yetu inahitaji mtu wa kushona mashuka na vitambaa vya chumba cha upasuaji, mishono mirefu iliyonyooka. Wamemjaribu, wamempenda. Anaanza mwezi ujao. Chumba anacho kwangu mpaka atakapotaka chake.

Anaomba umtumie cherehani yake. Hakuagiza kitu kingine.

Wewe ni mdogo wangu na utabaki kuwa mdogo wangu. Nitakuja kukuona kabla ya mwaka kwisha. Usiniombe nikusemee kwake.

Dada yako

2 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Mimi nipo.

Cherehani nimeipeleka stendi leo asubuhi, utaipokea Alhamisi. Kabla ya kuifunga nimeifungua yote, nimeipangusa vumbi la nyuzi, nimeitia mafuta kila tundu, mkanda nimeweka mpya. Mguu wa chuma nimeutenganisha, parafujo ziko kwenye soksi ya bluu, nne kubwa na mbili ndogo. Mwambie droo ya kushoto haijaguswa, iko kama alivyoiacha.

Nilifikiria kumwekea barua ndani ya droo. Niliiandika, ilikuwa kurasa mbili. Nikaisoma, nikaona ukurasa wa kwanza wote unaeleza hali yangu. Nimeichoma.

Pale stendi karani alikuwa na fomu ya mizigo. Akaniandikia maswali kwenye kipande cha karatasi baada ya kuona simsikii. Kuna nini ndani? Nikamwambia cherehani. Ya nani? Ya mke wangu. Mzigo unarudi? Alimaanisha kama unahitaji tiketi ya kwenda na kurudi, kuna punguzo.

Nilisimama pale mpaka watu nyuma yangu wakaanza kunisukuma. Nikamwambia aandike kwenda tu.

Chapa